Rivasi Kwanza, Ufunguo Baadaye

Mpe fundi yeyote wa Gerezani, Dar es Salaam, Saab ya miaka ya 1980, kisha mwambie aiwashe. Ataingia, atakaa, na mkono wake utakwenda wenyewe pembeni ya usukani, mahali ambapo karibu kila gari alilowahi kuligusa lina tundu la ufunguo. Hapo atapapasa plastiki tupu. Ataangalia dashibodi, atainama, mwisho atakutazama wewe mwenye gari kwa jicho la mtu anayehisi anafanyiwa mzaha. Tundu liko chini, katikati ya viti viwili vya mbele, nyuma ya mkono wa gia. Na ukishazima injini, ufunguo hautoki humo mpaka uweke rivasi.

Habari hiyo niliijua kwa kusimuliwa na shemeji yangu anayeishi Göteborg, Uswidi, ambaye kila tukipigiana simu, tukishamaliza kuulizana hali za watoto, lazima afike kwenye gari lake. Ni Saab 900 ya 1990, rangi ya zambarau iliyoiva, aliyouziwa kwa bei ya kutupa na bibi mmoja wa ghorofa ya chini. Nilipofika kwao mwezi wa sita nililikuta gari limelala kwenye maegesho, halisogei. Mpwa wangu alikuwa amemwaga soda katikati ya viti. Sukari ikakaukia ndani ya kitasa, ufunguo ukaanza kuwa mzito, baba mtu akawa anaulazimisha kila asubuhi, na asubuhi moja ukakatikia humo humo. Gia iko rivasi, komeo limeingia. Basi.

Kwetu gari likigoma wanaume wanne hutokea wasikojulikana, mmoja anashika usukani kupitia dirishani, mwingine anapiga kelele "tia namba mbili!" na safari inaendelea. Saab iliyofungwa hivi haisukumiki. Magurudumu yanayozungushwa na injini ni ya mbele, na gia ikikamatwa rivasi nayo yanakamatwa. Ndiyo kazi ya loki ya gia: mwizi hata akiweza kuunga nyaya na kuwasha injini, atakwenda kinyumenyume tu mpaka achoke. Shida ni kwamba komeo halimjui mwenye mali. Majirani wa Kiswidi walipita, wakatusalimia kwa kichwa, hakuna aliyesogea kutoa msaada. Mwanzoni niliwaona wana roho ngumu. Baadaye nikaelewa kwamba wengi wao wamekulia katika magari haya, wanajua hakuna cha kusukuma.

Shemeji angeweza kutafuta fundi pale pale mjini. Akakataa. Akasema gari limezaliwa Trollhättan na litatibiwa Trollhättan. Likapandishwa mgongoni mwa lori la kubebea magari, nasi tukalifuata nyuma kwa gari la kuazima.

Barabara inapanda kaskazini ikifuatana na mto Göta. Kulia na kushoto mashamba ya mbegu za mafuta yamechanua manjano, nyumba za mbao zimepakwa ule wekundu wao wa kutu, na ng'ombe wanene wamelala juani. Kilometa sabini bila muuza mahindi hata mmoja. Hakuna mama mwenye beseni la machungwa, hakuna kijana wa karanga anayekimbia sambamba na dirisha. Nilimuuliza shemeji watu wako wapi. "Wako ndani," akajibu, "au wako ziwani." Nikatazama tena nje. Nchi imepangwa vizuri mno, na kwa mtu aliyezoea Chalinze inatia upweke kidogo.

Trollhättan yenyewe imejengwa juu ya maporomoko. Mto unaanguka hapo zaidi ya mita 30, na tangu mwaka 1910, kituo cha umeme cha Olidan kilipoanza kazi, maji yanapitishwa kwenye mitambo badala ya kuachwa yaruke bure. Kwa hiyo siku nyingi za mwaka maporomoko ni miamba mitupu. Wakati wa kiangazi hufungua malango kwa dakika chache, na watu huja na watoto na aiskrimu kutazama mto ukirudishwa mahali pake. Nilisimama miongoni mwao. Maji yalikuja kwa kishindo, yakajaza korongo lote, wazee wakapiga makofi, halafu malango yakafungwa na miamba ikaanza kuchungulia tena. Nilikumbuka Kidatu, bwawa letu la Ruaha Mkuu, ambalo Waswidi walishiriki kugharamia na ambalo lilianza kutoa umeme mwaka 1975. Wahandisi wa nchi hii walikuwa wameshajifunza kwao namna ya kufunga na kufungua mto kabla ya kuja kufunga wa kwetu. Ila sisi hatufungui malango ili watu wale aiskrimu.

Nguvu ya maji ilileta viwanda. Kampuni ya NOHAB iliunda hapa vichwa vya treni na baadaye injini za ndege. Mwaka 1937 ikaanzishwa Saab, kwa ajili ya ndege za kivita. Vita vilipokwisha, kazi ya ndege ikapungua, wakageukia magari.

Gereji tuliyoelekezwa haikuwa na kibao. Ilikuwa banda nyuma ya nyumba ya mzee mmoja aliyefanya kazi kiwandani kwa miaka mingi, hadi kampuni ya magari ilipofilisika Desemba 2011 na watu zaidi ya 3,000 wakaambiwa warudi nyumbani. Ukilitoa jokofu la vinywaji na sakafu inayong'aa, hilo banda ni gereji bubu kabisa. Magari matano yanasubiri foleni, moja halina milango. Kalenda ya miaka iliyopita iko ukutani. Redio inaongea peke yake.

Mzee alikuwa na msaidizi, kijana Mkongo. Aliponisikia nikizungumza na shemeji aliweka spana chini. "Karibu sana, kaka. Umetoka Bongo kweli?" Kwao ni Fizi, lakini alikulia kambi ya Nyarugusu, Kasulu, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kigoma kabisa, kikitembelewa mara moja moja na maneno ya upande wa pili wa ziwa. Ufundi aliuanza kambini, kwa baiskeli, akapanda kwenye pikipiki, akaja kukutana na Saab ukubwani.

Nilipenda kuwatazama wawili hawa. Waswidi mwishoni mwa miaka ya 1960 waliachana na mambo ya kuitana kwa vyeo. Leo mwanafunzi humwita profesa wake kwa jina la kwanza, na mgonjwa humwita daktari hivyo hivyo. Kijana naye alimwita mzee kwa jina lake, kavu kavu, bila kigugumizi. Lakini akinigeukia mimi alimtaja kama "Mzee". Na kila alipompa kifaa alimpa kwa mkono wa kulia, ule wa kushoto umeshika kiwiko. Sidhani mzee aliwahi kuligundua hilo.

Kazi ilianza kwa kufungua kiboksi cha katikati ya viti. Skrubu kadhaa, plastiki ikanyanyuka, na chini yake ikaonekana historia nzima ya bibi wa ghorofa ya chini: makombo ya mkate, pini ya nywele, nywele za mbwa, sarafu ya öre 50 ambayo haitumiki tangu 2010. Juu ya hayo yote, utando wa soda wa mpwa wangu, umeganda kahawia. Mzee alicheka. Alisema, kijana akitafsiri, kwamba mahali pa ufunguo pakiwa chini ya viwiko vya watu basi kila wanachokula watu kitaingia humo, na kwamba kahawa ni mbaya lakini soda ni mbaya zaidi.

Nikauliza swali ambalo naamini kila mtu huuliza: sasa kwa nini waliweka tundu huku? Akaniletea kutoka kwenye rafu kasha la aluminiamu, lile linaloshika mguu wa mkono wa gia, alilolikata ubavu ili kitu kionekane. Saab 99, iliyotolewa mwaka 1967, ndiyo iliyoleta mpango huu, na 900 ikaurithi. Magari mengine yalikuwa yanawekewa kitasa kwenye nguzo ya usukani. Wahandisi wa Saab wakaona mawili. Gari likigonga, goti la dereva huenda mbele, na likikutana na ufunguo na chuma cha kitasa linapasuka. Tena, loki inayokamata usukani ikijifunga gari likiwa mwendoni, dereva hana la kufanya. Basi ifungwe gia.

Akanionyesha kwa bisibisi. Mkono wa gia ukienda rivasi, kipande cha chuma kilichoko chini yake husogea hadi mbele ya komeo. Ukizungusha ufunguo kurudi nyuma, komeo hutoka na kukikamata, na hapo tu ndipo ufunguo hukubali kutoka. Rivasi ikiwa haijaingia barabara, hata kwa unene wa kucha, komeo halina pa kuingilia, na ufunguo utabaki humo hata ukiuvuta kwa plaizi. Nami nikachukua zamu yangu na kile kipande, nikafunga na kufungua, nikafunga na kufungua. Kina mlio mzuri.

Kwa shemeji ubishi ulikuwa palepale. "Mwambie atoboe tu," alimwambia kijana kwa Kiswahili. "Piga drili, toa kitasa, niwekee kitufe cha kuwashia. Nimechoka." Na kijana, nilimwona, alikuwa upande wake. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo tunavyofundishwa wote. Fundi wetu swali lake la kwanza ni moja: gari liondoke? Kitasa kikigoma anakipita, anaunga nyaya moja kwa moja, na jioni uko barabarani. Sioni aibu katika hilo. Mtu ambaye gari lake ndilo ada ya watoto hawezi kusubiri spea ya kutoka Ulaya kwa ajili ya heshima ya komeo.

Mzee alisikiliza tafsiri yote, akafuta mikono, akakataa. Hakukataa kwa hasira. Alivuta droo, ikawa imejaa vitasa, ishirini au zaidi, vingine vimetobolewa katikati hadi vile vipini vyembamba vya ndani vimetawanyika. Hivyo alivitoa yeye mwenyewe. Funguo zimepotea zote, mwenye gari yuko mbali, hakuna njia: hapo anatoboa. Aliwahi pia kumwondolea loki mama mmoja jirani mwenye ugonjwa wa viungo, ambaye vidole vyake havikuweza tena kushindana na rivasi, akamhamishia swichi juu kwenye dashibodi. Lakini kutoboa kitasa ambacho kosa lake ni uchafu, alisema, ni uvivu unaojiita ufundi. Kijana alipotafsiri sentensi hiyo alitazama chini.

Basi tukakaa kusubiri. Kasha lote likafunguliwa boliti zake, likanyanyuliwa, swichi ya umeme ya chini ikachomolewa waya. Likawekwa kwenye meza ya kazi chini ya taa. Mzee akachukua wembe mwembamba wa msumeno wa chuma, akauchonga kwenye tupa hadi ukawa mwembamba wa kuingia ubavuni mwa ufunguo uliokatika, meno yakitazama nje. Akanyunyiza kiyeyusho, akasubiri, akanyunyiza tena. Kijana ndiye aliyepewa kazi ya kuvuta. Aliingiza ule wembe polepole, akausukuma pembeni kidogo ili meno yang'ate, akavuta. Ukateleza. Akarudia. Alikuwa ameshika pumzi, na mimi pia. Kipande kilipochomoza milimita mbili tatu mzee alimpa plaizi ndogo bila kusema kitu, na kile kipande cha shaba kikatoka, cheusi, kina harufu ya sukari iliyoungua.

Kwa kuunganisha vipande viwili juu ya karatasi, mchonga funguo wa mjini angeweza kusoma meno na kuchonga mpya. Wakati huo huo kitasa kilioshwa kwa spiriti mpaka maji yake yakatoka meupe, kikakaushwa, kikapulizwa unga wa grafiti. Hapa nilijifunza jambo ambalo ningependa mafundi wengi wa kwetu walisikie: mafuta hayapakwi ndani ya kitasa. Mafuta yanalainisha wiki ya kwanza, halafu yanakusanya vumbi lote la barabara na kufanya uji. Nusu ya vitasa vya milango vinavyotusumbua Dar es Salaam, naapa, vimeuawa na oili chafu ya injini iliyotiwa kwa nia njema.

Kabla ya kurudisha kasha, mzee alifungua boneti, ambayo katika Saab 900 hufungukia mbele, nikaona kitu cha ajabu. Injini imegeuzwa, klachi iko mbele, na giaboksi iko chini ya injini. Fimbo ya gia inabidi isafiri kutoka kati ya viti, ipenye ukuta wa injini, ifike huko chini. Njiani kuna viungo na bushi. Bushi zikilika, dereva anadhani ameweka rivasi kumbe bado kidogo, ufunguo unagoma, naye anakilaumu kitasa. Magari mengi yanayoletwa hapo kwa ugonjwa wa loki, alisema mzee, yanaumwa viungo. Akamwekea shemeji bushi mpya, akalegeza kibano cha fimbo, akasawazisha rivasi mpaka ikaingia bila kubembelezwa.

Halafu kahawa. Kwa Waswidi kahawa ya saa tisa si kitu cha kuahirishwa hata nyumba ikiungua. Mke wa mzee alileta bandani sinia la mikate iliyosokotwa kwa mdalasini na iliki. Niliuma mara moja nikasimama. Iliki ile ile ya maandazi ya asubuhi, ile inayovunwa kwenye milima ya Usambara na kujaza harufu basi zima la Tanga. Nilimweleza mama yule kwamba kwetu nasi tunatia iliki kwenye unga. Alistaajabu, alikuwa anaamini siku zote kwamba hicho ni kitu cha Uswidi. Kijana alikula mikate minne akisema kimya kimya kwamba kinachokosekana ni nazi.

Ufunguo ukiwa bado kwa mchongaji, nilikwenda kwenye makumbusho ya Saab, yaliyo katika majengo ya zamani ya NOHAB. Kampuni ya magari ilipokufa, magari ya makumbusho nayo yalikuwa yauzwe kulipa madeni. Manispaa, kampuni ya ndege ya Saab na mfuko wa familia ya Wallenberg waliyanunua mapema mwaka 2012 ili yasitawanyike. La kwanza ukiingia ni Ursaab, gari la majaribio la miaka ya 1940, jeusi, limechongwa kwa umbo la bawa. Wanasimulia kwamba katika wahandisi kumi na sita walioliunda, wawili tu ndio waliokuwa na leseni ya udereva. Sikushangaa. Ukitazama gari lile unaona limetengenezwa na watu waliokuwa wanafikiria hewa, si barabara.

Lakini mimi nilikuwa natafuta kitu kingine, nikakipata: Saab 96, ndogo, ya mviringo, gari la Erik Carlsson. Wazee wa kwetu waliowahi kusimama kando ya barabara kuangalia Safari Rally wanalijua jina hilo. Mwaka 1964 alimaliza wa pili, nyuma ya Ford Cortina ya Peter Hughes. Miaka miwili kabla yake Pat Moss, mwanamke wa Kiingereza ambaye baadaye aliolewa na Carlsson, alikuwa amemaliza wa tatu kwa Saab kama hiyo hiyo. Husimuliwa kwamba Carlsson alikwama kwenye tope, akalipindua gari makusudi ili litoke, na waandishi wa Nairobi walipokataa kuamini akalipindua tena mbele ya macho yao. Marehemu baba hakuwa na habari na Carlsson. Yeye alikuwa mtu wa Peugeot 404 na wa Bert Shankland, wa kwetu Dar es Salaam, aliyeshinda 1966 na 1967. Ila hadithi ya gari linalopinduliwa topeni alikuwa nayo, na alipoisimulia alimtwika mtu mwingine kabisa.

Jioni, kama unaweza kuiita jioni wakati jua la saa nne za usiku bado linakuchoma macho, shemeji alinipeleka kituo cha mafuta pembeni mwa mji. Pale nikakutana na loki ya gia ya aina nyingine. Vijana wa miaka kumi na tano na kumi na sita walikuwa wamepanga magari yao, Volvo za zamani nyingi, Saab moja, muziki umefunguliwa hadi mabati yanatetemeka. Kila gari lina pembetatu nyekundu nyuma. Sheria ya Uswidi inaruhusu gari la kawaida kubadilishwa kuwa trekta kisheria, lisizidi mwendo wa kilometa 30 kwa saa, na hapo mtoto wa miaka kumi na tano mwenye leseni ndogo anaweza kuliendesha. Jambo hilo lilianza zamani kwa wakulima wasiokuwa na uwezo wa kununua trekta la kweli, leo limekuwa uhuru wa vijana wa vijijini ambako basi linapita mara mbili kwa siku. Ili gari lisikimbie, mafundi walikuwa wanaingilia giaboksi na kuzifunga gia za juu, ikabaki ya chini.

Niliuliza mmoja wao, kwa Kiingereza, kama kweli gari lake haliendi zaidi ya 30. Alinitazama, akawatazama wenzake, wote wakacheka. Tulipokuwa tunarudi, gari lenye pembetatu nyekundu lilitupita. Sisi tulikuwa tunakwenda 60.

Ufunguo mpya uliingia kesho yake, ukazunguka bila kusukumwa. Mzee alimkalisha shemeji kitini, akamfanyisha zoezi mbele yetu: zima, klachi, rivasi, zungusha, toa. Tena. Na tena. Mtu mzima mwenye ndevu akafanya bila kulalamika. Malipo yalikuwa madogo kiasi cha kutufanya tubishane kwa upande usio wa kawaida, sisi tukipandisha, mzee akishusha.

Kijana alinisindikiza hadi nje. Alitaka kujua habari za Kigoma: barabara imefika wapi, reli inasemaje, na mtu akirudi kufungua gereji atakutana na magari gani. Nikamwambia IST, Noah, Probox, Toyota mpaka kiama, na karibu zote ni otomatiki. Akatikisa kichwa. "Hizo nazo ni Saab tu," akasema. Nilidhani anatania. Akanieleza: otomatiki haitoi ufunguo mpaka uweke P, na haitoki P mpaka ukanyage breki. Mawazo ni yale yale ya rivasi, yamehamia kwenye umeme. Betri ikifa, mkono wa gia unakamatwa kwenye P.

"Ndiyo maana pembeni ya gia kuna kile kifuniko kidogo," akasema. "Umewahi kukiona?"

Nimekiona maisha yangu yote. Kina maandishi madogo ya Kiingereza, na sijawahi kukutana na mtu anayejua kinafanya nini. Ukikibandua kwa ncha ya ufunguo, akasema, kuna kitufe au tundu ndani. Bonyeza, na mkono wa gia utatoka P bila umeme. Weka N, sukuma gari lako.

Nikamkumbuka jirani yangu wa Tabata. Noah yake ilikuwa imekufa betri mbele ya geti letu tangu kabla sijasafiri, imekaa P, watu tunapita ubavu ubavu. Nikiwa bado nimesimama pale nje ya banda nilimtumia ujumbe mrefu wa sauti, nikamweleza kila hatua, kifuniko, ncha ya ufunguo, kitufe, N. Nilijisikia mtaalamu.

Jibu lilikuja tukiwa barabarani, shemeji akiendesha huku akiimba. Jirani alishukuru sana. Alisema fundi ameshakuja asubuhi, amefumua konsoli yote, amekata kitu fulani hakumbuki jina lake, na sasa gia inaingia popote unapotaka bila hata kukanyaga breki. "Kaniambia imekuwa nzuri kuliko ilivyotoka Japani," akamalizia, na kwa nyuma nilisikia honi ya mtu akiomba geti lifunguliwe.